Tope Linaloweka Akiba

Ingia kwenye jaruba bila viatu, mwezi mmoja baada ya miche kupandikizwa, saa saba mchana. Maji ya juu ni ya moto, karibu yanachoma. Mguu unazama kwenye tope laini kama uji mzito, linapanda hadi kifundoni, linakaribia muundi, kisha ghafla unyayo unagota kwenye kitu kigumu na hauzami tena. Ukiuvuta, mapovu yanaufuata na harufu ya yai viza inakupiga puani. Chota konzi ya tope hilo. Kwa juu kabisa, unene wa kucha hivi, ni la kahawia. Chini ya hapo ni la kijivu kinachoelekea weusi. Sasa ng'oa mche mmoja, suuza mizizi yake taratibu, utaona imepakwa kutu, rangi ileile ya msumari ulionyeshewa na mvua.

Karibu kila kitu nitakachoeleza katika sura hii kimo kwenye konzi hiyo.

Mkulima wa mahindi anajua kwamba shamba jipya hulipa na shamba la zamani hudai. Pori likifyekwa, misimu ya mwanzo ghala hujaa. Baadaye weusi wa udongo hufifia na safari za duka la mbolea huanza. Weusi ule ni mboji, mabaki ya mimea na wadudu yaliyooza nusunusu, na zaidi ya nusu ya mboji ni kaboni. Jembe likipita, hewa huingia, bakteria na kuvu hula, na kaboni huondoka ikiwa hewa ukaa, sawa na sisi tunavyoitoa puani baada ya kula ugali. Ndiyo sababu karibu kila mahali duniani, kulima kumekuwa ni kupunguza kaboni ya udongo.

Mpunga wa majaruba umekataa kufuata utaratibu huo. Hulimwa kwa fujo kuliko zao lolote, tope huvurugwa hadi likawa supu, na shamba hilohilo huweza kutumika mamia ya miaka. Bado kaboni yake huwa juu ya ile ya mashamba makavu ya jirani. Majaruba yanachukua takribani asilimia 9 ya ardhi ya mazao duniani, lakini yanashikilia takribani asilimia 14 ya kaboni yote iliyomo katika udongo wa mazao. Ukihesabu hadi kina cha mita 1, ni tani bilioni 18 hivi.

Ushahidi ninaoupenda kuliko mwingine wote unatoka Cixi, katika mkoa wa Zhejiang nchini China, pwani ya kusini ya Ghuba ya Hangzhou. Mto Yangtze humwaga matope yake baharini, mawimbi na maji kujaa huyasukuma hadi kwenye pwani hiyo, na nchi kavu husogea mbele kidogokidogo. Watu wa Cixi hawakuisubiri. Kizazi baada ya kizazi walijenga matuta marefu ya kuzuia bahari, kila tuta jipya likiwa mbele ya la babu zao. Tuta likishasimama, chumvi huoshwa, na ardhi hugawanywa: huku mpunga, kule pamba na mboga. Kumbukumbu za wilaya ziliandika ni lini kila tuta lilijengwa. Kwa hiyo leo mtu anaweza kuanza safari ufukweni, akaelekea bara, na kukanyaga shamba lenye umri wa miaka 50, kisha la 100, la 300, la 500, la 700, la 1000, hadi la miaka 2000. Tope la asili ni lilelile. Kilichobadilika ni umri, na je, palifurishwa maji au hapakufurishwa.

Mtafiti wa udongo angeomba nini zaidi? Wanasayansi wa China na wa Ujerumani, akiwamo Ingrid Kögel-Knabner wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, walichimba mashimo kwenye mashamba hayo na kupima. Katika tabaka la juu la majaruba ya miaka 50 walikuta takribani gramu 18 za kaboni kwa kila kilo ya udongo. Katika majaruba ya miaka 2000 zilikuwa takribani gramu 30. Na kwenye mashamba ya pamba na mboga? Takribani gramu 11, shamba changa na shamba kongwe sawasawa. Mkulima wa pamba wa karne zilizopita na mjukuu wake wa leo wamekuwa wakijaza mtungi uliotoboka. Jirani yao wa mpunga mtungi wake unapanda.

Eneo hilo halikuanza mpunga jana. Yuyao, jirani na Cixi, ndiko kilikofukuliwa kijiji cha kale cha Hemudu mwaka 1973, kikiwa na mabaki ya mpunga ya takribani miaka 7000. Watu walioishi hapo walikwisha kuuzoea mpunga kabla piramidi za Misri hazijawekwa jiwe la kwanza.

Kwa nini basi mtungi huu hauvuji?

Jibu la kwanza ni maji. Oksijeni hupenya majini kwa mwendo wa kinyonga, takribani mara 10,000 polepole kuliko inavyopita hewani. Mkulima anapofungulia mfereji na kufurisha jaruba, vijidudu vya udongoni humaliza oksijeni iliyokuwamo ndani ya siku moja au mbili, na mpya haifiki. Inabaki ile ngozi nyembamba ya kahawia kwa juu, ambako maji yenye hewa hugusana na tope.

Kinachofuata kilielezwa vizuri mwaka 1972 na mkemia wa Sri Lanka, Felix Ponnamperuma, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, huko Los Baños, Ufilipino. Vijidudu vya udongoni havifi kwa kukosa oksijeni. Hutafuta kitu kingine cha kupumulia. Fikiria wageni kwenye harusi ambao hawataki kuondoka. Pilau ikiisha wanageukia wali mweupe, wali ukiisha ugali, ugali ukiisha wanakwangua ukoko. Pilau ni oksijeni. Baada yake hutumika nitrati, halafu manganizi, halafu chuma, halafu salfati, na mwisho kabisa, sufuria ikiwa tupu, vipo vijidudu vinavyoweza kuishi hata kwa hewa ukaa na mabaki ya asidi, vikatoa gesi ya methani. Harufu ya yai viza uliyoisikia ni ya hatua ya salfati. Weusi wa tope, sehemu kubwa, ni chuma kilichokutana na salfa. Mapovu ni ukoko.

Kila hatua ya foleni hiyo hulipa nguvu kidogo kuliko iliyotangulia. Kijidudu chenye oksijeni ni kibarua aliyeshiba. Kile kinachopumua salfati ni kibarua anayefanya kazi kwa chai kavu. Kazi yote hupungua kasi. Na kuna kazi moja ambayo bila oksijeni karibu inasimama kabisa: kuvunja lignini, ile gundi ngumu inayofanya bua liwe bua na mti uwe mti. Wavunjaji wakuu wa lignini ni kuvu, na kuvu hao wanataka hewa. Chini ya maji, sukari na wanga wa mabua huliwa, lignini hubaki. Msimu hadi msimu, vipande hivyo vigumu hurundikana.

Lakini maji peke yake hayatoshi kueleza Cixi. Jaruba halifurishwi mwaka mzima. Maji hutolewa kabla ya mavuno, udongo hukauka, na mara nyingi zao jingine hufuata. Hewa inaporudi, kwa nini akiba yote isiteketee?

Hapa ndipo inapoingia ile kutu.

Mmea wa mpunga una mirija ya hewa ndani ya shina na mizizi, kama mpiga mbizi mwenye bomba la kuvutia pumzi. Oksijeni hushuka kutoka majanini hadi ncha za mizizi, na kidogo huvuja nje. Tope linalozunguka mzizi limejaa chuma kilichoyeyuka, kwa sababu vijidudu vimekwisha kukitumia badala ya oksijeni. Chuma hicho kikikutana na oksijeni inayovuja, hugeuka kutu palepale na kuupaka mzizi. Jambo hilohilo hutokea kwa ukubwa zaidi shamba linapokaushwa: chuma kilichokuwa kimeyeyuka ndani ya tope zima hugeuka kutu, na kutu hiyo changa, isiyo na umbo la fuwele lililokomaa, ina uso mkubwa mno wa kunatia vitu. Mabaki ya mizizi, sukari zilizovuja, ngozi za bakteria waliokufa, vyote hunaswa humo kama wali kwenye sufuria isiyopakwa mafuta. Kaboni iliyonaswa kwenye kutu na kwenye chembe za mfinyanzi haifikiwi kirahisi na walaji wake. Kwenye majaruba ya Cixi, kufurisha na kukausha kwa mamia ya miaka kuliifanya kutu ibaki changa hivyo, tofauti na mashamba ya pamba ya jirani ambako ilikuwa imekomaa na kupungua uwezo wa kunasa.

Kasoro ipo: shamba likifurishwa tena, sehemu ya kutu huyeyuka upya na kuiachia sehemu ya kaboni iliyokuwa imeshikwa. Ghala hili mlango wake hufunguliwa kila msimu. Linajaa kwa sababu kinachoingia kimezidi kinachotoka, wala si kwa sababu limefungwa kwa kufuli.

Na ule ugumu uliougota kwa unyayo? Hiyo ni kazi ya kwato, majembe na pawatila. Kuvuruga tope mwaka hadi mwaka hukandamiza tabaka lililo chini yake, likawa sakafu, kwa kawaida sentimita 15 hadi 25 kwenda chini. Sakafu huzuia maji yasipotee, na bila hiyo hakuna jaruba, kuna shamba lenye kiu. Lakini pia huizuia mizizi na mabaki yake yasishuke. Ndiyo maana utajiri wa kaboni wa majaruba umejikusanya juu, kwenye upana wa shibiri moja ya mtu mzima. Anayesikia habari za tani bilioni 18 na kudhani ziko salama kilindini amekosea; sehemu kubwa iko pale jembe linapofika.

Sijataja bado mkono wa mtu, na huo nauhesabu sawa na maji. Mwaka 1909 mtaalamu wa udongo wa Marekani, Franklin Hiram King, alisafiri China, Korea na Japani akitaka kujua ni vipi ardhi inalimwa karne na karne bila kuchoka. Kitabu chake kilichapishwa na mkewe mwaka 1911, King akiwa amekwisha kufariki. Alichokiona mashariki mwa China kilimshangaza: watu wakichota tope kutoka sakafu za mifereji na kulibeba mashambani, samadi ikikusanywa bila kupoteza tone, mabua, majivu na majani yakichanganywa na udongo na kuozeshwa kabla ya kurudi shambani. Udongo wa jaruba la Cixi lenye miaka 2000 umebebwa kwa mabega. Nikisoma makala zinazousifu udongo wa mpunga kwamba kwa asili yake hutunza kaboni, huwa nawaza mabega hayo.

Kuna ghala jingine dogo, nalitaja kwa sababu linanifurahisha tu. Aliyewahi kuvuna mpunga kwa mundu anajua majani yake hukata ngozi. Yana silika, madini yaleyale ya kioo, ambayo mmea hunywa kutoka udongoni na kuyajenga kuwa vijiwe vidogo visivyoonekana kwa macho. Jani likioza, vijiwe hubaki, na ndani ya baadhi yake hubaki chembe za kaboni zilizofungiwa kama mdudu ndani ya kaharabu. Wanaakiolojia huvitumia kutambua majaruba ya kale yaliyofukiwa. Kwa hesabu ya kaboni ni kiasi kidogo.

Sasa twende kwenye habari mbaya, na nianze na mapovu. Mwaka 1776 Alessandro Volta, Mtaliano ambaye jina lake ndilo lililotupatia neno volti, alikwenda kwenye matete ya Ziwa Maggiore, akakoroga tope kwa fimbo, akakusanya mapovu kwenye chupa na kuyawasha. Yalishika moto. Karne mbili baadaye watafiti walirudi Italia hiyohiyo ya kaskazini, safari hii kwenye mashamba ya mpunga ya Vercelli, wakapima methani inayotoka, na wakaona kwamba sehemu kubwa haipandi kwa mapovu. Hupitia ndani ya mmea wenyewe. Ile mirija inayoshusha oksijeni ndiyo hiyohiyo inayopandisha methani.

Methani, kwa muda wa miaka 100, huongeza joto la dunia takribani mara 27 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Mashamba ya mpunga duniani hutoa takribani tani milioni 30 kwa mwaka.

Tuweke hesabu ya hekta moja mezani, kwa makadirio ya mkono. Tuseme tabaka la juu la hekta lina uzito wa tani 2000. Jaruba la Cixi la miaka 50 lilizidi shamba la pamba kwa gramu 7 za kaboni kwa kilo. Hizo ni tani 14 kwa hekta, kilo 280 kwa mwaka, sawa na kuondoa hewani takribani tani 1 ya hewa ukaa kila mwaka. Si haba. Baada ya hapo kasi inakufa: kutoka miaka 50 hadi 2000 ongezeko ni gramu 12, sawa na tani 24 zilizogawanywa kwa karibu miaka 2000, yaani kilo 12 za kaboni kwa mwaka, kilo 45 hivi za hewa ukaa. Upande wa pili wa daftari: jaruba linalokaa na maji mfululizo, lisilowekewa mabua wala samadi, hukadiriwa na miongozo ya 2006 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, kutoa kilo 1.3 za methani kwa hekta kwa siku. Msimu wa siku 110 ni kilo 143. Zidisha kwa 27: karibu tani 4 za hewa ukaa.

Tani 1 kuingia katika miaka mizuri ya ujana, tani 4 kutoka kila msimu. Kwa hiyo atakayekuja kijijini kwako akisema majaruba yenu yanaweza kuuzwa kama dawa ya tabianchi kwa sababu yanahifadhi kaboni, mwombe akuoneshe kurasa zote mbili za daftari kabla hujaweka dole gumba. Kaboni iliyomo inastahili kulindwa, kwani shamba la mpunga likigeuzwa la mboga au mahindi huipoteza haraka kuliko lilivyoipata. Kulinda akiba ni jambo moja, kuiuza kama faida mpya ni jingine.

Na wingi wa kaboni si sawa na rutuba. Hili lilijifunzwa kwa uchungu Los Baños. Tangu miaka ya 1960 IRRI wamekuwa na shamba la majaribio linalopandwa mpunga mara 3 kwa mwaka, karibu bila kupumzika na karibu muda wote likiwa na maji. Kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalishuka pole pole, ingawa mbegu zilikuwa bora na mbolea ilitiwa. Mboji haikuwa imepungua. Kilichoonekana ni kwamba, kwa kukosa hewa mfululizo, mabaki ya lignini yalikuwa yameishika naitrojeni na kukataa kuiachia. Ghala limejaa, funguo hazionekani. Mavuno yalirudi pale mbolea ya naitrojeni ilipoongezwa na kupangiwa wakati wake, na shamba likaruhusiwa kukauka na kupumua. Mwanaikolojia anayetaka kila gramu ya kaboni ibaki chini na mkulima anayetaka naitrojeni iachiwe hawana budi kuvutana kidogo.

Mvutano huo uko pia kwenye ushauri unaotolewa zaidi siku hizi, wa kumwagilia kwa zamu: jaruba lifurishwe, liachwe likauke kiasi, lifurishwe tena. IRRI walibuni kifaa rahisi mno kwa ajili yake, kipande cha bomba la plastiki lenye matundu kinachochomekwa topeni. Maji yakionekana ndani ya bomba kushuka hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo, ndipo mfereji hufunguliwa. Maji huokolewa, na methani hupungua kwa takribani nusu, kwa sababu kila hewa inapoingia, chuma hupata kutu upya na foleni ya harusini huanza tena kwenye pilau. Lakini hewa hiyohiyo huila mboji. Uchambuzi uliojumlisha majaribio mengi ulikuta kwamba kaboni ya udongo hupungua kwa takribani asilimia 5 pale zamu hiyo inapofuatwa. Kwa maoni yangu biashara hiyo inafaa, maana methani iliyozuiwa ni ya kila msimu na kaboni iliyopotea inaweza kurudishwa. Ila inafaa kwa mtu anayerudisha kitu shambani. Asiyerudisha anakula mtaji.

Afrika Mashariki zamu hiyo haikuja na bomba. Wakulima wa Mkindo mkoani Morogoro waliipokea ndani ya kilimo shadidi, na wa Mwea nchini Kenya mwaka 2009, kwa utaratibu ulioanzia Madagaska mwaka 1983 kwa padri Mjesuiti, Henri de Laulanié: miche michanga, mmoja mmoja, nafasi ya kutosha, maji ya kiasi. Na kabla ya hapo, zamu ya kukausha ilikuwa ya Mungu mwenyewe. Sehemu kubwa ya mpunga wa Tanzania, kuanzia majaruba ya Usukumani hadi mabonde ya Kilombero na Kyela, hutegemea mvua. Kiangazi kikija udongo mweusi wa mbuga hupasuka nyufa za kuingia mkono, hewa hushuka hadi kwenye ile sakafu ngumu, na kila kitu kilichoweza kuliwa huliwa. Majaruba yetu hupumua nusu mwaka. Hivyo usichukue tarakimu za Cixi ukazibandika Shinyanga. Hapa maji hayatatufanyia kazi ya kutunza kaboni mwaka mzima. Kitakachoamua ni kile kinachoingia topeni.

Na kinachoingia, mara nyingi, ni majivu. Hekta iliyotoa tani 5 za mpunga hubaki na mabua yasiyopungua uzito huo, na takribani asilimia 40 ya bua kavu ni kaboni: tani 2, zilizotengenezwa na jua na maji ya mkulima mwenyewe. Baada ya kupura, rundo huachwa pale pale na kiberiti hufanya kazi jioni moja. Mwea mabua hufungwa marobota na kuuzwa kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Hilo siwezi kulilaumu, ni pesa, ingawa samadi ya ng'ombe hao hubaki kwenye mashamba ya watu wengine. Kwingine mifugo huingizwa shambani na kula hapohapo, na kinyesi chake walau hubaki.

Wapo waliosikia ushauri wa kutochoma, wakaulaza mzigo wote wa mabua makavu ndani ya tope siku chache kabla ya kupandikiza. Hiyo ni kuwaletea vijidudu vya methani sinia zima mbele yao, kwa wakati ambao oksijeni inaondoka. Miche nayo hugeuka njano, kwa kuwa bakteria wanaoyaozesha mabua huigombania naitrojeni. Tofauti iko kwenye tarehe. Katika hesabu za IPCC za 2006, kila tani ya mabua iliyoingizwa chini ya siku 30 kabla ya msimu huhesabiwa kuwa tani kamili ya chakula cha methani. Ikiingizwa zaidi ya siku 30 kabla, huhesabiwa kama kilo 290 tu. Ikiozeshwa kwanza ikawa mboji, kilo 50.

Basi ukishapura mpunga wako mwaka huu, yatawanye mabua na uyageuzie chini udongo ukiwa bado na unyevu wa mavuno, au yarundike pembeni na samadi yaoze hadi msimu ujao. Kiberiti kiache jikoni.